Meja na Sajini wa Jeddah

Riyadh,
Jumamosi, 16 Novemba 2019.

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nakutumia salamu nyingi kutoka huku kwenye mchanga, nikiomba zikukute umeketi, umeshiba na huna hasira na mtu. Goti linaendeleaje? Lile jino uliling'oa au bado unalitisha kwa karafuu? Na yule kuku mweusi anayetagia chini ya kitanda chako, bado unajifanya humwoni? Mimi ni mzima. Chakula nakula, hata mashati yameanza kunibana tumboni, na kile kikohozi cha vumbi kiliniacha. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Najua utasema Onesmus amerukwa na akili, anaandika barua wakati simu ziko. Lakini Mama, simu ya hapo nyumbani ni ya Rosebellah. Kila nikipiga ni lazima aishike yeye kwanza, akuwekee sikioni, kisha abaki papo hapo anasikiliza, na wewe nawe kwenye simu hupiga kelele kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto. Haya ya leo nataka uyasikie wewe kwanza. Kwa hiyo nimempa barua Jepkoech, nesi wa Kapsabet ambaye anakuja likizo. Akikukabidhi, mpelekee Mwalimu Lois akusomee mkiwa wawili tu, mlango mmeufunga. Mwalimu, nisamehe kwa mzigo huu. Wewe ulihamia Malava juzi na mengi hukuyaona, basi nitaeleza hata yale ambayo Mama anayajua, usije ukakwama katikati ukabaki kumtazama usoni. Mama, nivumilie hapo.

Mimi nina kaka mmoja, Elphas, kifungua mimba wa Mama. Baba aliuza maksai wake wawili wa kulimia ili Elphas apate nauli ya kuja Saudia kuwa dereva. Alimwacha mkewe Rosebellah, hata mtoto walikuwa hawajapata. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Wa pili akapiga kwa shida. Kisha kimya, miaka nenda miaka rudi. Tulimfuata wakala aliyempeleka, huko Nairobi, tukakuta ofisi imekuwa saluni. Baba alipougua na kuona siku zake zimekaribia, aliwaita wazee wa ukoo akasema hataki kufa amwache mwanawe mkubwa ananing'inia, haijulikani kama ni hai au ni maiti. Wazee wakafanya vile sisi hufanya mtu wetu akipotea na mwili usipatikane. Walikata mgomba, wakauvisha suti ya Elphas ya harusi, wakaulaza kwenye jeneza, tukauzika kando ya nyumba yake na jina lake likaandikwa msalabani. Kwaya iliimba. Mimi niliyekuwa mpiga picha wa Malava nzima, harusi na matanga, nilirekodi video mwanzo hadi mwisho na kuiweka Facebook ili jamaa walio mbali waone.

Wewe tu, Mama, ndiye uliyekataa kutupa udongo. Ulikunja mikono ukasema wewe hukuzaa mgomba. Shangazi walikusihi, pasta akakusihi, ukawaangalia tu.

Baba alitutoka mwaka uliofuata, na wazee wakaamua Rosebellah asikae peke yake, nishike nyumba ya ndugu yangu. Nikaishika. Tukampata Mirriam, wajina wako. Na siku ninaondoka kuja huku, wewe ulinisindikiza hadi barabara ya lami, ukanikamata kola ya shati mbele ya watu, ukaniambia pesa nitafute lakini Elphas nimtafute zaidi. Tangu hapo kila ukiniuliza nakujibu kwamba nchi hii ni kubwa. Leo sina jibu hilo.

Nianze na kazi, kwa sababu kazi ndiyo iliyonifikisha. Nilikwambia napiga picha pesa, ukacheka ukaniuliza kama za kuzitumia zimekwisha. Ni sarafu za kale, Mama, za zamani za Warumi, enzi za akina Kaisari unaowasikia kwenye Injili. Siku hizi nchi hii inafungua mambo yake, makumbusho yanajengwa, maonyesho yanaandaliwa, na watu waliokuwa wameficha vitu vya kale kabatini wanavitoa. Bosi wangu ni mwanamke, Dakta Abeer, msomi wa sarafu. Ananiwekea moja chini ya kamera, napiga uso, nageuza, napiga mgongo, inarudi kwenye kisanduku chake. Si dhahabu wala fedha. Ni shaba iliyoota ukijani kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Dakta Abeer alinieleza kwamba hizi hazikutengenezwa Roma kwenyewe, zilitengenezwa na miji iliyotawaliwa, na kila mji uliweka uso wa mfalme upande mmoja ili usisumbuliwe, halafu upande wa pili ukajichorea mambo yake wenyewe. Wa Arabia walichora ngamia. Wengine walichora mlima wenye hekalu juu yake, wengine mzabibu. Wengi walimchora mwanamke aliyevaa ukuta wa mji kichwani, na minara yake yote. Nilipomwona mara ya kwanza nilikukumbuka unavyotoka sokoni umejitwika, nikacheka peke yangu hadi nikatikisa kamera, na picha ikabidi irudiwe.

Kuna moja ambayo haikunichekesha. Ilitoka upande wa Uturuki, kubwa, pana kama kifuniko cha chupa ya jemu. Ina ndugu wawili wanatazamana, watoto wa mfalme mmoja. Dakta Abeer alisema baba yao alipokufa aliwaachia ufalme wote wawili, na mkubwa akamuua mdogo, kisha akaamuru jina na sura ya mdogo vifutwe kila mahali. Basi watu wa mji ule walichukua patasi wakagonga uso wake ukatoka. Mmoja yupo, na ndevu zake, anatazama shimo. Kazi yangu ilikuwa kumulika taa kutoka ubavuni ili kivuli kionyeshe kilichobaki, na kweli, sikio lilikuwepo na nywele za kisogoni. Dakta Abeer alifurahi sana na picha ile. Mimi chakula cha mchana sikukila. Kwetu ni mkubwa ndiye aliyefutwa, na mdogo ndimi niliyekuwa nimeshika kamera.

Mwezi wa tisa tulitumwa Jeddah kupiga picha sarafu za mzee mmoja, mhandisi mstaafu, jina lake Bakri, ambaye wote humwita Ammi Bakri, yaani baba mdogo. Mimi walinipangishia kitanda mtaa wa Bani Malik, kwenye ghorofa la Wapakistani na Wafilipino ambako kila mlango unanuka kitunguu chake. Asubuhi nilipanda teksi ya kuchangia hadi Balad, ule mji wa kale wenye nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao yaliyochongwa, nyingi zikiwa zimeegemezwa vyuma zisianguke huku zikikarabatiwa. Nyumba ya baba yake iko humo, na humo ndimo anamoweka sarafu. Ni mzee wa vichekesho. Alituambia nyingi alizinunua zamani kwa wauza vyuma chakavu, kwa kupimiwa kilo, na kwamba miungu iliyochorwa humo ingekuwa na nguvu yoyote isingekubali kuwekwa kwenye mizani pamoja na mabomba ya choo.

Siku ya pili akatoa moja ya Beiruti. Warumi walipoanzisha mji mpya, mwanzilishi alifunga ng'ombe kwenye plau akalima mstari kuzunguka pale mji utakapokaa, na miji ilipenda kujichora hivyo kwenye shaba yake. Nikaiweka chini ya kamera. Mtu amejifunika nguo kichwani, ameshika mkono wa plau, na mbele yake ng'ombe wawili, nundu na pembe, hata kamba ya nira inaonekana. Kabla sijapiga, Ammi Bakri akaniinamia begani, akaweka ukucha chini ya ng'ombe wa mbele, akasema kwa Kiarabu chake cha polepole ambacho sasa nakielewa, kwamba huyu ni Meja na yule wa nyuma ni Sajini.

Mama, niliachia kamera. Ingekuwa haiko kwenye stendi yake ningekuwa nalipa hadi leo.

Mwalimu Lois, hao ndio maksai wa Baba aliowauza. Baba alikuwa mpishi jeshini, na alipostaafu aliwapa ng'ombe wake vyeo ili, kama alivyosema, na yeye siku moja aamrishe wakubwa. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekuwa na maksai wenye majina hayo. Nilimwuliza mzee ni nani alimfundisha. Akajibu bila haraka kwamba ni dereva wake wa zamani, Elfas, Mkenya, mtu mwema. Alikuwa akimleta hapa Balad, na badala ya kusubiri garini akawa anapanda juu kuangalia sarafu, na hii aliipenda kuliko zote. Akasema walibishana miaka yote, kwa sababu vitabu vinasema mmoja wa wale ng'ombe ni jike, naye Elfas aliapa hajaona mtu mwenye akili akilima na jike. Dakta Abeer akacheka. Mimi nilikuwa nimeketi chini sakafuni, wakadhani ni sukari imeshuka, wakanipa tende.

Nikamwambia mzee kwamba dereva yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akanikumbatia. Kisha akanieleza kwa aibu kwamba mwaka jana, wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, binti zake wote walichukua leseni, na yeye mwenyewe macho hayamruhusu tena kutembea tembea, basi dereva akawa hana wa kumwendesha. Alitaka kumtafutia kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini, lakini Elphas alikataa kusumbua, akaondoka, ikama, kile kibali cha kukaa huku, ikamwishia. Alisikia yuko Karantina anaosha magari.

Karantina ni kusini mwa Jeddah, na ni huko wanakojibanza watu wetu wasio na karatasi, Waafrika wa kila aina. Nilikwenda Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa wengi njiani. Nikauliza, na mwanamke wa Chad anayeuza karanga akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa ameinama anasugua rimu ya gari, na nilimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Mama, anao mgongo wa Baba. Kichwa kimeingia mvi na meno mawili ya mbele hana, lakini mgongo ni ule ule.

Elphas yuko hai. Nimeshika mkono wake. Mwalimu, mpe Mama muda hapo kabla ya kuendelea.

Alinitazama, akasema nimenenepa. Hilo ndilo lililomtoka mdomoni baada ya miaka yote hiyo. Kisha akaketi juu ya ndoo yake akalia, nami nikalia, na mwenye gari akawa anatupigia yalla, yalla, fanyeni haraka, hadi yule mama wa Chad akamfokea.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema kafili wake wa kwanza alimtesa na kumnyima mshahara, akatoroka, akaishi kwa kujificha hadi alipokutana na Ammi Bakri aliyemtengenezea karatasi. Wakati huo tayari miaka ilikuwa imepita bila kutuma kitu, naye akawa anajiambia atapiga simu akipata cha maana cha kusema, angalau bei ya Meja. Akasema aibu ni kitu kibaya, kila mwezi unaoiacha inazaa. Halafu siku moja kijana wa Webuye akamwonyesha kwenye simu video ya matanga ya mtu anayefanana naye jina. Akajiona anazikwa. Akaona suti yake. Alinidhihaki kwamba kwaya ilikosea ubeti na kwamba mimi nilipiga picha nyingi za wali kuliko za jeneza. Akaniambia sehemu moja aliirudia na kuirudia mpaka mwenye simu akalalamika chaji inaisha, ni pale Mama unapokunja mikono ukakataa udongo. Akasema siku ile alijua ana mama, lakini pia alijua hana kwao, kwa kuwa mtu akishaliliwa hivyo na watu wakala wakashiba, atarudi awaambie nini?

Habari za Baba nilimpa mimi. Hakuwa anazijua.

Kisha akauliza habari za Rosebellah, na hapo, Mama, nilitamani lori linigonge. Aliuliza vizuri, kama mtu anayeuliza habari za nyumba aliyoifunga na kuondoka na ufunguo. Nikamwambia wazee walivyoamua, na kwamba ninaishika nyumba yake mimi, na yupo mtoto. Aliangalia maji ya sabuni kwenye ndoo. Akauliza mtoto anaitwa nani. Nilipomwambia ni Mirriam, akatikisa kichwa akasema ni vizuri, jina la Mama lisipotee. Kisha akasema basi mambo yamekwisha, halas, nisimwambie mtu kwamba nimemwona. Hawezi kurudi kwao akawe mgeni wa mdogo wake. Akachukua kitambaa akaendelea na rimu.

Nilirudi Karantina kila jioni tulipokuwa Jeddah, na baadaye nikiwa huku Riyadh nikapanda basi la usiku kucha mara mbili kumfuata. Mwisho wiki iliyopita alikubali. Amejisalimisha kwenye kituo wanakosubiri kurudishwa makwao watu wasio na ikama, Ammi Bakri mwenyewe akampeleka kwa gari la bintiye, na tumeambiwa hawakai sana kabla ya kupandishwa ndege. Huenda akatua Nairobi hata kabla Jepkoech hajakufikia. Kwa hiyo fanya haraka, Mama. Waite wazee leo hii. Mgomba ufukuliwe na msalaba ung'olewe kabla hajafika getini, na yale mengine ya mtu aliyezikwa akarudi wanayajua wao. Asije akasimama nje ya boma anasoma jina lake.

Sasa nikueleze jinsi nilivyomshawishi, maana atakueleza na wewe utajua mara moja kwamba si kweli.

Nilimwambia mimi na Rosebellah ni wazee tu waliotuunganisha. Nilimwambia hajawahi kunipenda wala mimi kumpenda, kwamba alikuwa akinipikia akilia jina lake, kwamba mtoto ni mila, na mila yenyewe inamhesabu kuwa wa Elphas. Nilimwambia nilikuja Saudia kwa sababu nyumba ile ilinishinda, na kwamba sina mpango wa kurudi Malava. Alinikazia macho muda mrefu. Mimi nimezoea kuwaambia maharusi wacheke hata kama hawana furaha, basi nami nilijiweka uso, akaniamini.

Mama, wewe ulikuwa ukitusikia jikoni tukicheka mpaka unagonga ukuta tunyamaze ulale. Nampenda Rosebellah. Mwanzo niliogopa hata kumtazama, kisha nikampenda, na sijui nitaacha vipi. Kila Ijumaa nikipiga simu, sekunde zile kabla hajakupa wewe ndizo nilizokuwa nikizisubiri wiki nzima. Kwa hiyo nilichelewa kukuandikia, nilitaka Ijumaa chache zaidi. Unisamehe kwa hilo.

Mwambie wewe mwenyewe, polepole, na umwambie mimi nimeongeza mkataba. Mzee yeyote asimwamulie. Mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza, ila sote tulimwangalia akiinamisha kichwa tukasema amekubali. Safari hii aulizwe. Akitaka kukaa kwake peke yake, akae. Akiuliza kama mimi nitarudi, mjibu kwamba hujui. Elphas usimwambie kamwe yale uliyokuwa ukiyasikia jikoni.

Na Mirriam, Mama, msimfiche. Elphas akifika mwelekezeni mtoto tangu siku ya kwanza amwite baba. Bado ni mdogo, atazoea.

Nisalimie majirani wote, na Mwalimu Lois apokee shukrani zangu na pole ya kusoma haya kwa sauti. Mweleze Elphas kwamba Ammi Bakri anamsalimu na bado anasema yule ng'ombe ni jike. Kunywa dawa ya goti. Mungu akulinde hadi atakapotukutanisha, akipenda.

Ni mimi mwanao,
Onesmus,
baba mdogo wa Mirriam.